Riwaya za yatima wa njia ya Oregon: kwa nini watu wazima wanafutwa?

#1 Mtunzi_Pangani

Wakuu, salaam.

Nimezama kwenye riwaya za kihistoria za watoto yatima waliovuka Marekani kwa magari ya maksai miaka ya 1840. Ukizichimba, nyingi zimechota kisima kimoja: watoto saba wa familia ya Sager, waliofiwa na baba na mama njiani mwaka 1844 wakielekea Oregon. Mbili zilizosomwa sana ni ya Marekani ya mwaka 1926 na ya Uholanzi ya mwaka 1949. Zote zimesimama juu ya nguzo moja. John, kijana wa miaka 13, anajitenga na msafara, anawachukua wadogo zake sita akiwemo mchanga wa miezi michache, na kuwavusha milima peke yao hadi mlangoni kwa mmisionari.

Halikutokea hilo. Catherine Sager, aliyekuwa na miaka 9 safarini, aliandika kumbukumbu zake mwenyewe, na ndani yake msafara mzima umewabeba watoto wale.

Dai langu: waandishi wamewafuta watu wazima kwa makusudi, na kwa kufanya hivyo wametupa hadithi iliyo bora zaidi. Nauliza kwa sababu na mimi ninaandika yangu kwa Kiswahili. Mnasemaje?

#2 Kigogo_Msomaji

Naweka kambi hapa.

#3 Mama_Wawili

Mleta mada, wengine hata hao kina Sager hatuwajui. Tupe kisa chenyewe kwanza, ndipo tugombane.

#4 Mtunzi_Pangani

Haki yako @Mama_Wawili.

Baba, Henry, alikuwa mhunzi na mkulima, mtu asiyetulia mahali: Ohio, Indiana, Missouri, kila baada ya muda anauza na kuhama. Mwaka 1844 wakaondoka Missouri, wakaingia kwenye msafara wa Kapteni William Shaw. Kutoka huko hadi bonde la Willamette, kule Oregon, ni kama kilomita 3,200, na maksai wakijitahidi wanakwenda kilomita 24 kwa siku. Mvua za mwaka ule zilikuwa za gharika, mito imefurika, msafara ukachelewa tangu mwanzo. Henry hakuwa mzoefu wa kuswaga maksai. Gari liliwahi kupinduka, mkewe Naomi nusura afe. Na Naomi alikuwa mjamzito. Mwisho wa Mei alijifungulia kambini mtoto wa saba, binti. Wakapumzika kidogo, safari ikaendelea.

Karibu na Fort Laramie, ngome iliyokuwa kituo cha njiani, Catherine aliruka kutoka kwenye gari likiwa linatembea, mchezo waliouzoea watoto wote. Gauni likanasa kwenye mpini wa shoka, gurudumu likapita juu ya mguu. Baba mwenyewe ndiye aliyeuunga. Alichechemea mpaka anazeeka.

Agosti homa ikaingia kambini. Henry akazikwa kando ya Mto Green, jeneza lake gogo lililochongwa. Kabla hajakata roho alimwomba Kapteni Shaw asiitupe familia yake. Haikutimia hata mwezi, Naomi naye akafa kando ya Mto Snake, nchi ambayo leo ni Idaho.

Sasa sikilizeni waliobaki. Shaw na mkewe Sally, waliojulikana na msafara wote kama Mjomba Billy na Shangazi Sally, waliwachukua watoto wakawa wanakula nao. Tabibu Mjerumani aitwaye Dagen alishika gari lao na kuwauguza. Mtoto mchanga alipita mikononi mwa wanawake, huyu leo, yule kesho. Gari lilipokuwa zito kwa maksai waliochoka, likakatwa likawa mkokoteni wa magurudumu mawili. Hivyo ndivyo walivyofika misheni ya Dk. Marcus Whitman, Waiilatpu, karibu na Walla Walla ya leo.

Huyo Dagen peke yake ni riwaya. Kwenye riwaya zile mbili havuki milima na watoto.

#5 Ticha_Mstaafu

Jibu langu ni la ufundi. Hadithi ya watoto inamtaka mtoto atende. Ukiwaacha Shaw na Sally jukwaani, kila tatizo litatatuliwa na wao, na John atabaki mtu wa kubebwa. Hata ngano zetu zinaanza kwa kumwondoa mama, mtoto anatumwa porini, ndipo zimwi linapata nafasi. Mwandishi wa 1949 hakudanganya, alifuata kanuni ya ngano.

#6 Mzee_wa_Bara

Ticha yuko sahihi. Tena wazazi wenyewe waliuawa na Wahindi Wekundu njiani, ndivyo ilivyokuwa kwa wengi wa wale. Unategemea watoto wafanye nini?

#7 Sanduku_la_Vitabu

@Mzee_wa_Bara soma #4 tena. Henry na Naomi waliuawa na homa.

Na hilo la "wengi" limetengenezwa na filamu. Mwanahistoria John Unruh alipekua rekodi za miaka ya 1840 hadi 1860 akapata wahamiaji 362 waliouawa na wenyeji, na wenyeji 426 waliouawa na wahamiaji. Waliokufa kwa maradhi ni maelfu kwa maelfu, hasa kipindupindu kilipoingia njia ile kuanzia 1849. Wengine walizama wakivuka mito, wengine walijipiga risasi kwa bahati mbaya, na watoto waliangukia chini ya magurudumu kama alivyoumia Catherine. Wenyeji mara nyingi ndio waliowauzia samaki na kuwaonyesha vivuko.

#8 Mzee_wa_Bara

Nimeziandika namba hizo. Lakini bado nasema mtoto wa miaka 13 enzi zile hakuwa mtoto wa leo. Alishika mjeledi, alilinda mifugo usiku. Kumfanya shujaa si uongo mkubwa kiasi hicho.

#9 Dada_Mkubwa_Sana

Nimesoma nikaona niseme.

Wazazi wetu walifariki nikiwa kidato cha pili. Wadogo zangu wanne nyuma yangu. Nyumba haikuwa tupu hata siku moja: mama wadogo, wajomba, majirani, kila mmoja na sufuria yake. Walitulisha kweli, sitawakana. Lakini usiku, mdogo wetu wa mwisho akilia, aliyekuwa anaamka ni mimi. Maamuzi ya nani abaki na nani, nani aende kwa shangazi Moshi, yalijadiliwa sebuleni mimi nikiwa jikoni nasikiliza, na niliyekuwa naogopa kwa ajili yao wote ni mimi.

Kwa hiyo mwandishi akiniambia John alikuwa peke yake na wadogo zake, mimi simwiti mwongo. Ameandika kile ambacho John alikihisi. Watu wazima walikuwepo, na watoto walikuwa peke yao. Vyote viwili ni kweli.

#10 Mama_Wawili

Pole sana dada. Umenitoa machozi.

#11 Kigogo_Msomaji

#9 imebadilisha uzi huu.

#12 Mtunzi_Pangani

@Dada_Mkubwa_Sana asante, nimeisoma mara kadhaa. Ila nikuwekee picha moja ambayo dada zake John waliihifadhi. Siku ya kufika misheni, mama Whitman, Narcissa, anatoka nje. John amekaa mbele ya mkokoteni analia kwa uchungu. Francis, anayemfuata, ameegemeza mikono kwenye gurudumu, kichwa juu ya mikono, analia kwa sauti. Wasichana wamejikusanya pamoja, vichwa wazi, miguu peku, wanawatazama kaka zao, kisha wanaitazama nyumba.

Huyo ndiye John wa kweli. Katika riwaya anafika kama jemadari. Mimi huyu anayelia ndiye ninayemtaka, kwa sababu amefika mahali anapoweza kulia. Ile hofu unayoisema wewe iko hapa tayari, na Shaw na Sally hawakuizuia. Hatuhitaji kuwafuta ili tuione.

#13 Dada_Mkubwa_Sana

Hapo umenigusa. Lakini waandishi wale waliandikia watoto. Mtoto msomaji hataki kusubiri sura ya mwisho aone kaka analia.

#14 Wakili_wa_Nyika

Mnazungukia ufundi na hisia, mnaiacha siasa. Marekani ya 1926 ilikuwa inajijengea picha ya mtu anayejitegemea, anayeifuata ardhi magharibi kwa nguvu ya mikono yake. Ukweli wa njia ile ni ushirika mtupu. Magari yaliunganishwa duara usiku, zamu za ulinzi ziligawanywa, manahodha walipigiwa kura, sheria za msafara ziliandikwa kabla ya kuondoka. Mtu mmoja na gari moja hakufika. Sasa hadithi ya yatima saba waliobebwa na jumuiya nzima, akiwemo mgeni Mjerumani, haiuzi picha ile. Ya kijana mmoja na bunduki inaiuza. Ndiyo maana Shaw amekufa mara ya pili, kalamuni.

#15 Ticha_Mstaafu

Wakili, na Mholanzi wa 1949 alikuwa anauza picha ya Marekani kwa faida ya nani?

#16 Sanduku_la_Vitabu

Swali zuri Ticha, na nadhani jibu liko Uholanzi kwenyewe. 1949 ni miaka minne tu baada ya vita. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 watu wa miji ya magharibi ya nchi ile walikufa njaa kwa maelfu chini ya Wajerumani. Ulaya imejaa watoto waliopotezana na wazazi, na watu wazima wamewaangusha watoto vibaya mno. Msomaji wa mwaka ule akipewa watoto saba wasiotegemea mtu mzima yeyote, anaelewa bila kuelezwa. Mimi naona ndiyo sababu tabibu Mjerumani mwema havuki milima pamoja nao, ingawa hili ni wazo langu tu.

#17 Wakili_wa_Nyika

Hilo la Mjerumani limenikaa. Hata hivyo riwaya ya 1926 ilitangulia vita hivyo na tayari John alikuwa jemadari. Maelezo yako yanafafanua kwa nini ilipendwa, hayafafanui ilikotoka.

#18 Mkongo_Boise

Jambo bandugu. Mimi niko Boise, Idaho, miaka mingi sasa. Tuko Wakongo wengi huku, na Warundi, na Wasomali. Kanisani kwetu Kiswahili ndicho kinatuunganisha.

Hiyo njia mnayoisema inapita karibu na sisi. Nilipeleka vijana wa kanisa Glenns Ferry, pale Three Island Crossing, mahali misafara mingi ilikuwa inavuka Mto Snake. Ule mto, bandugu, umekata korongo la mawe meusi. Kuna sehemu unaona maji chini kabisa na hauwezi kuyafikia. Watu walitembea kando ya maji na kiu kinawamaliza. Jua la Agosti huku halina huruma, hakuna mti, ni vichaka vya kijivu tu mpaka macho yanachoka.

Mama Naomi amezikwa upande huo. Walitandika matawi chini kaburini, wakamlaza, wakafunika matawi, halafu udongo. Halafu wakatembea. Hakuna kilio cha siku tatu, hakuna matanga. Vijana wetu walinyamaza pale, kwa sababu kati yao kuna waliomwacha mtu njiani hivyo hivyo, kutoka Kivu kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Binti mmoja akaniuliza, nani alibeba mtoto? Hakuuliza juu ya John hata kidogo.

Kwa hiyo mimi niko na mleta mada. Sisi tuliotembea tunajua jina la aliyetubebea mtoto.

#19 Binti_Mtambani

@Mkongo_Boise Mungu awabariki nyote huko.

Swali la huyo binti ndilo nililotaka kuliuliza mimi. Hamwoni kwamba kila mtu humu anabishana kuhusu John? Shahidi wa habari hizi ni Catherine. Msichana wa miaka 9, mguu umevunjika, amelala ndani ya gari linalorushwarushwa na mawe, anamsikia baba akiweweseka upande mmoja na mama upande wa pili. Aliyaona yote akiwa amelala. Akaja akaandika karibu mwaka 1860, akitumaini kitabu kiuzwe fedha zianzishe makao ya yatima kwa kumbukumbu ya Narcissa. Hakupata mchapishaji. Alifariki 1910.

Miaka 16 baadaye riwaya inatoka na mhusika mkuu ni kaka yake. Kwangu kilichofutwa kwanza si watu wazima. Ni wanawake: Sally, waliomnyonyesha mchanga, na Catherine mwenyewe aliyeishika kalamu. Mkiwarudisha hao, watu wazima watarudi wenyewe.

#20 Mama_Wawili

Binti umesema. Na huyo mchanga aliishia wapi jamani? Wa miezi mitano tu, hana mama!

#21 Mtunzi_Pangani

Aliletwa misheni siku kadhaa baada ya wenzake, amekonda vibaya. Narcissa ana barua nyumbani kwao inayoeleza: mumewe aliona wanaweza kuwachukua wote isipokuwa mchanga, hakuona mkewe atammudu vipi. Yeye akamtaka huyo huyo, akisema ndiye atakayewafunga wengine wote kwake. Ieleweke kwamba binti yake wa pekee, Alice Clarissa, alizama Mto Walla Walla mwaka 1839 akiwa na miaka miwili. Mchanga akapewa majina ya wazazi wake marehemu, Henrietta Naomi. Akapona, akakua.

#22 Chifu_Usiku

Mtunzi unaandika vizuri hivi humu, sasa riwaya yenyewe iko wapi? Au na wewe umenasa Fort Laramie?

#23 Mtunzi_Pangani

Iko sura ya tatu, mkuu. Maksai wanatembea.

#24 Mwana_wa_Kitope

Naingia na jambo ambalo limekwepwa tangu #1. Riwaya hizo zinaishia mlangoni kwa Whitman. Mnajua kwa nini? Kwa sababu ukivuka mlango ule kuna 29 Novemba 1847.

Mwaka ule surua iliingia bondeni. Wacayuse, wenye nchi ile, hawakuwa na kinga yoyote. Karibu nusu yao walikufa, watoto wakitangulia. Dk. Whitman aliwatibu wote, wazungu na wenyeji. Watoto wa kizungu wengi wakainuka, watoto wa Wacayuse wakazikwa. Wewe mzazi ungefikiri nini? Kwa desturi yao tabibu ambaye wagonjwa wake wanakufa aliweza kulipa kwa uhai wake, na Whitman alilijua hilo. Juu yake magari ya wahamiaji yalizidi kila mwaka na misheni ilikuwa kituo chao. Ukaenea uvumi wa sumu.

Waliuawa Marcus na Narcissa na wengine kumi na zaidi. John aliuawa siku ile, miaka 16. Francis aliwaficha watoto darini shuleni, akiwemo mdogo wake Matilda. Naye akauawa siku hiyo hiyo. Waliobaki walishikwa mateka takriban mwezi mzima, na Louisa, wa miaka 6, akafa kwa surua humo humo. Peter Skene Ogden wa Hudson's Bay Company, kampuni ya biashara ya manyoya, akawakomboa kwa mablanketi, mashati, bunduki, risasi na tumbaku.

Basi fikirieni. Mwandishi anamvusha John milima kishujaa, anamfikisha salama, anafunga kitabu. Msomaji mtoto hajui kwamba shujaa wake ana miaka mitatu tu ya kuishi. Watu wazima wamefutwa kwa sababu wakibaki, hasa Whitman, itabidi uwaeleze. Nani alimwalika? Ardhi ile ya nani?

#25 Kigogo_Msomaji

Sikuwa najua kabisa. Kumbe wale wavulana wawili hawakufika utu uzima.

#26 Sanduku_la_Vitabu

Nyongeza kwa #24. Baadaye wanaume watano wa Cayuse walijisalimisha, wakanyongwa Oregon City tarehe 3 Juni 1850. Mpaka leo wapo wanaoamini si wote watano waliohusika. Mwaka 1855 ukaja mkataba wa Walla Walla, na sehemu kubwa kabisa ya ardhi ikaondoka mikononi mwao. Vizazi vyao wako hai, kwenye eneo la Umatilla lililotengewa wenyeji, kule Oregon, pamoja na Wawalla Walla.

#27 Bi_Shufaa

Wazee wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja, mwenyeji akafa.

Mimi nawauliza nyie wenye kuandika: surua iliyoua nusu ya Wacayuse iliacha yatima wangapi? Walifuata ndugu gani, walivuka mito gani, nani aliwabeba? Nao si ndugu yatima wa nchi hiyo hiyo, mwaka huo huo? Sijaona riwaya yao ikitajwa humu.

#28 Ticha_Mstaafu

Bi Shufaa swali lako ni zito. Ila namtetea Whitman kwa moja: aliwatibu. Angeweza kufunga mlango.

#29 Bi_Shufaa

Mwanangu, kutibu ni wema. Kukaa unapoambiwa ondoka ni jambo jingine, na waliwahi kumwambia.

#30 Wakili_wa_Nyika

Na humo ndani ya misheni walikuwemo watoto wengine waliosahaulika na riwaya: Helen Mar, binti wa Joe Meek, na Mary Ann, binti wa Jim Bridger. Wote wawili mama zao wenyeji, baba zao wawindaji wa milimani. Helen naye alikufa kwa surua wakati wa mateka. Familia ile ilikuwa mchanganyiko mkubwa kuliko tunavyooneshwa.

#31 Mzee_wa_Bara

Tukiwa kwenye waliosahaulika: katika uhamaji wa mwaka huo huo 1844 alikuwemo Mwafrika-Mmarekani huru, George Bush, na mke na watoto, mtu mwenye uwezo aliyewasaidia wenzake kulipia safari. Kufika huko akakuta Oregon imepitisha sheria mwaka ule ule ya kuwakataza weusi kuishi, adhabu viboko. Akavuka kaskazini ya Mto Columbia, na wenzake wazungu wakamfuata badala ya kumwacha. Wakaanzisha makazi ambayo sasa ni Tumwater. Njaa ilipoingia miaka ya 1850 akawagawia wageni nafaka zake. Kama mtu anataka riwaya, hiyo hapo.

#32 Chifu_Usiku

Mzee wa Bara leo umekuja na gari kamili. Tangu #6 umepanda milima!

#33 Binti_Mtambani

Tusitoke kwenye ndugu yatima. Wapo wengine ambao waandishi wangejifunza kwao. Olive na Mary Ann Oatman, wazazi wao waliuawa 1851 katika Arizona ya leo, kaka yao Lorenzo akaachwa akidhaniwa amekufa. Wasichana walichukuliwa, baadaye wakaishi na Wamohave, kabila la wenyeji, mdogo akafa wakati wa njaa. Olive akarudi 1856 Fort Yuma, kidevu kina chale za buluu, akakutana na Lorenzo ambaye hakuacha kumtafuta. Pale watu wazima hawakuweza kufutwa, kwa sababu waliomlea ni Wamohave wenyewe.

#34 Sanduku_la_Vitabu

Na treni za yatima, kuanzia 1854 mpaka 1929. Mchungaji Charles Loring Brace na chama chake New York walianza kuwapeleka watoto magharibi, na jumla inakadiriwa kufika 200,000 au zaidi. Wengi wana mzazi hai, ila maskini. Wanapangwa mstari kwenye jukwaa la stesheni, wakulima wanachagua. Ndugu walitenganishwa pale pale, huyu kituo hiki, yule kinachofuata.

Hilo linanirudisha kwa Sager. Baada ya 1847 dada wanne waliobaki waligawanywa kwa familia tofauti. Naomi alipokuwa anakufa aliomba watoto wasitenganishwe, msafara ukalitimiza, akina Whitman wakalitimiza. Likavunjika hapo.

#35 Dada_Mkubwa_Sana

Hapo ndipo ningeanzia kitabu. Wasichana wanne, kila mmoja nyumba ya watu, na Catherine anaanza kuandika ili wawe pamoja tena hata kwenye karatasi.

#36 Mama_Wawili

Walionana tena?

#37 Mtunzi_Pangani

Ndiyo. Henrietta alikufa kijana, lakini Catherine, Elizabeth na Matilda walizeeka. Mwaka 1897, miaka 50 tangu yale mauaji, wote watatu walikwenda Walla Walla kwenye kumbukumbu na picha yao ipo. Matilda ndiye aliyeishi mpaka 1928, maana yake riwaya ya kwanza ilitoka angali hai.

#38 Wakili_wa_Nyika

Subiri. Yaani riwaya inasema walitembea peke yao, na mmoja wa waliokuwemo ndani ya gari yuko hai? Hili linaharibu maelezo ya Ticha kabisa. Kanuni ya ngano huwezi kuitumia kwa mtu anayeweza kukujibu.

#39 Ticha_Mstaafu

Haliharibu chochote. Alikuwa na umri chini ya miaka sita alipovuka. Na mwandishi wa riwaya si karani wa mahakama.

#40 Mwana_wa_Kitope

Karani hapana, lakini jina la mtu ni la mtu. Angebadilisha majina, nisingekuwa na neno.

#41 Mtunzi_Pangani

Nimebaki na mambo mawili. Ya @Binti_Mtambani kwamba Catherine ashike hadithi, nimeyakubali, naandika upya sura ya kwanza kwa sauti yake. Ya @Bi_Shufaa bado napambana nayo. Sitaki kumweka mtoto wa Cayuse kwenye sura moja kama pambo, na sitaki kumwacha nje.

#42 Bi_Shufaa

Usimweke mpaka uwe umesoma waliyoandika wenyewe wa Umatilla. Wana simulizi zao, na wamezichapisha.

#43 Mkongo_Boise

Mtunzi, ukitaka picha za hayo makorongo nitakutumia. Nitarudi huko na vijana majira ya joto.

#44 Fundi_Ngombe

Wakuu nimechelewa. Mimi ni mfugaji, nina swali la upande wangu. Mmesema mchanga alipita kwa wanawake, lakini wanawake wenyewe wanatembea kutwa na chakula kimepungua, maziwa yatakuwa haba. Misafara ile ilikuwa na ng'ombe wa maziwa nyuma ya magari? Na walikamuliwa njia nzima, au walikauka walipofika jangwani? Mtunzi, hilo ukilikosea wafugaji tutaliona ukurasa wa kwanza.